Kizibo cha Ukingoni

Nimeanza ukurasa huu mara saba, na mara zote saba nimeufuta, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta ninamtetea. Basi nianze na jambo lisilohitaji utetezi. Alipenda sato wa kukaanga, na alipomaliza kula aliipanga mifupa ukingoni mwa sahani, mikubwa kushoto na midogo kulia, kisha akaikagua kana kwamba kuna mmoja uliotoroka.

Mtaa wetu wote wa Nyasura tulimwita Karani, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa karani wa mahakama Bunda hadi alipostaafu, akaendelea kupanga chumba kile kile kwa mama mmoja wa mtaani miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao Butiama. Alizaliwa na nani, aliwahi kuoa au hakuoa, sijui. Niliketi naye barazani kwa miaka minne na sikuwahi kumuuliza. Tulikuwa na mambo mengine ya kuulizana.

Mimi ni mchapaji wa steshenari. Sina cheti cha kitu chochote zaidi ya kidato cha nne. Nilichonacho ni ugonjwa, sijui niuite nini kingine: barua ya mteja ikikosewa nukta moja naichapa upya yote, hata kama mteja ameshasema inatosha. Nikifunga duka narudi kujaribu kufuli mara tatu. Mikono yangu hutoa jasho nikihisi mahali fulani kuna kosa ambalo sijaliona.

Karani aliingia dukani siku moja na karatasi iliyochorwa ubao wa miraba.

"Nakala mbili," akasema. "Na usiipindishe."

Sikujua mchezo wa chesi wakati huo, lakini niliiona karatasi. "Mzee, hapa umesahau kutia wino mraba mmoja."

Aliichukua, akaitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda uliozidi adabu. "Nani kakufundisha kuona?"

"Hakuna."

"Kesho saa kumi uje barazani kwa mama mwenye nyumba. Uje na kiti, mimi nina kimoja."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu, na sasa nimefika mahali ambapo huwa naanza kumtetea, kwa hiyo nitaendelea na vitu.

Ubao wake ulikuwa wa mbao, aliouchora mwenyewe kwa rula ya ofisi. Kete alirithi kwa hakimu mmoja aliyehamishwa, aliyeacha sanduku lenye wafalme, malkia, ngome, maaskofu na farasi, lakini bila askari hata mmoja. Karani akafanya kama wafanyavyo wacheza drafti wa stendi: akaweka vizibo vya soda. Kizibo kilicholala chali, meno juu, ni askari mweupe. Kilicholala kifudifudi ni mweusi. Vizibo vyote vilikuwa vya rangi moja na chapa moja, kwa hiyo tofauti ya mweupe na mweusi ilikuwa hiyo tu, chali au kifudifudi. Baada ya wiki moja huioni tena ajabu.

Kucheza hasa hakupenda. Ukimwomba mchezo alicheza kama mtu anayesaini fomu. Yeye alitunga mafumbo: anapanga kete chache mahali ambapo hazingefika zenyewe katika mchezo wa kweli, halafu anaandika chini, mweupe aanze na ashinde, au mweupe aanze na atoke sare. Njia ni moja tu, na ameificha.

"Mchezo ni ugomvi wa watu wawili," alisema. "Fumbo ni kesi. Kila aliyesimama ubaoni aeleze amekuja kufanya nini. Akishindwa kueleza, atoke."

Nilimwona akimtoa farasi ubaoni baada ya siku kumi za kazi, kwa sababu farasi yule hakuwa na la kueleza. Alimwondoa kwa vidole viwili, pole pole, kama anayemwonyesha shahidi mlango.

Alikuwa na daftari gumu la mahakama ambalo halikuwahi kutumiwa na mahakama. Kila fumbo lilikuwa na ukurasa wake. Ukilitatua mbele yake, bila kubahatisha, alikupa kalamu ukaandika jina lako chini ya ubao. Sisi tuliofika huko tulikuwa wachache sana. Jina langu limo mara kumi na moja. Sijawahi kupewa cheti kingine nilichokitaka hivyo.

Mtu huyu aliyedai kila kete iseme kweli, yeye mwenyewe alidanganya bila kupepesa jicho. Mama mwenye nyumba alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, na kila Jumapili alirudi kanisani akamkuta Karani barazani, ameinamia ubao, kavaa shati la kutokea.

"Karani, hukuonekana misa ya pili."

"Nilikuwaga ya kwanza, mama."

"Aha. Na Padre kahubiri nini?"

"Yale yale. Tupendane."

"Misa ya kwanza leo haikuwepo, Karani. Padre alilala Nyamuswa."

"Ndiyo maana ilikuwa fupi," akajibu, na hakuinua kichwa.

Mama alicheka mpaka akajishika ukuta. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka naona kwamba sura yake haikubadilika hata kidogo, na kwamba nilipaswa kuiweka akilini sura ile.

Alijivunia kumbukumbu yake kuliko kitu kingine. Alikuwa amenakili hukumu maisha yake yote na alisema hakuna hakimu aliyewahi kumrudishia karatasi. Alasiri moja kuku wa mama mwenye nyumba alifuata punje za mahindi barazani, akapanda juu ya ubao na kupita katikati ya fumbo ambalo Karani alikuwa amelihangaikia kwa miezi. Kete zikaanguka, vizibo vikarukia sakafuni. Nilipiga kelele. Yeye alimfukuza kuku kwa kandambili, akainama, akaokota, akarudisha kimoja kimoja bila kusita.

"Umekumbuka vyote?" nikamuuliza.

"Binti, unaongea na karani."

Kisha akafungua daftari na kuunakili ubao. Lilikuwa fumbo la arobaini. Mweupe aanze na ashinde. Alisema ndilo bora kati ya yote aliyowahi kutunga, na nami siku hiyo hiyo nikalinakili kutoka kwenye daftari lake kwenda kwenye langu.

Hapa lazima niseme habari za mashine.

Mwaka wetu wa pili nilipata simu yenye nguvu, nikaweka ndani yake programu ya chesi, ile inayowashinda mabingwa wa dunia. Nisiongope, mafumbo mengi ya Karani iliyameza kabla sijaiweka simu chini. Kumfunga mfalme kwa hatua tatu au nne kwake ni kutafuna karanga. Karani alitazama fumbo la tano likifa, la tisa likifa, akakunja uso. Halafu akapanga la kumi na saba, alilokuwa akiliita Zizi.

Katika Zizi mweupe hana kitu. Mfalme wake yuko kwenye kona, amezungukwa na askari waliokwama, na mweusi ana malkia na ngome wanaozurura nje. Mweupe aanze na atoke sare. Mashine ikasema mweusi yuko mbele kwa pointi tisa, maana yake amekwisha shinda. Tukaiachia icheze nyeusi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsogeza mfalme mraba mmoja na kumrudisha. Malkia akaja kushoto, akaja kulia, akazunguka. Tulienda hatua arobaini namna hiyo. Simu ilipata moto mkononi na bado ilisema tisa.

"Inahesabu ng'ombe," akasema Karani. "Haijaona kwamba zizi halina mlango."

Mimi siwezi kuona kitu kama hicho nikakiacha. Nilisoma kwenye simu kwa majuma, Kiingereza changu cha kuungaunga, mpaka nikaelewa kiasi. Mashine haipiti njia zote, kwa sababu hazina mwisho. Njia zinazoonekana za kijinga inazitupa mapema ili iende mbali kwenye zile zinazoonekana za maana. Katika mchezo wa kweli huo ni uamuzi mzuri, lakini mtunzi wa fumbo anaishi humo humo katika njia zilizotupwa. Tena, ili kuokoa muda, mashine hujiuliza: nikiruka zamu yangu, bado nitakuwa salama? Kwa kawaida kuwa na zamu ni faida. Katika fumbo, zamu inaweza kuwa ndiyo msiba wenyewe, mtu anaangamia kwa sababu tu analazimika kusogeza kitu. Na kipimo chake cha nani yuko mbele kimetokana na michezo isiyohesabika, ilhali ubao wa mtunzi haufanani na mchezo wowote uliowahi kuchezwa.

Nilimweleza Karani yote hayo nikiwa nimejiandikia vidokezo, nisije nikakosea. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Kwa hiyo haioni," akasema.

"Si kwamba haioni. Mara nyingi inaona. Ni baadhi tu, na ukiipa muda mrefu pengine—"

"Haioni," akarudia, na akafungua macho amefurahi.

Nilimpa sentensi ndefu yenye masharti, yeye akabakiza neno moja. Baadaye ndilo alilonijibu kila nilipomwendea na la arobaini. Mashine ilisema sare. Nilijaribu kila njia, nikajaza madaftari mawili, nikaota vizibo. Nikimwambia, "Karani, hata simu inasema sare," alijibu, "Haioni." Nami nilikuwa nimeshuhudia Zizi kwa macho yangu. Ningemwamini nani?

Nikiri na jambo jingine, kwa sababu litahitajika. Kabla ya Karani nilikuwa na mwalimu wa hesabu aliyenipa twisheni bure pale Nyasura, mtu mwema. Siku moja aligawanya vibaya ubaoni, nikamwonyesha, akasema haina neno, jibu linakaribia. Sikurudi tena. Nilipishana naye barabarani miaka na miaka nikimwamkia na kuharakisha. Nilimsimulia Karani habari hiyo kama kichekesho. Alisikiliza, akauliza tu, "Kosa moja?" Nikasema, "Moja. Lakini alilijua akaliacha." Nilijiona mtu wa msimamo.

Karani akahamia Butiama. Tukabaki kupigiana simu.

Mwaka jana shule moja ya binafsi huko Kamunyonge, Musoma, ilitafuta mtu wa kufundisha chama cha chesi cha wanafunzi. Walikubali kuniona ingawa sina cheti, ilimradi niende kuonyesha ninachojua. Sikulala vizuri majuma mawili. Nilitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Ningetoka kwenye mashine ya kunakili, ningekuwa mtu anayeitwa mwalimu.

Walikuwepo mwalimu mkuu, mama mpole mwenye miwani ya kamba, na kijana anayefundisha kompyuta, pamoja na wanafunzi kama ishirini. Nilianza na Zizi. Kijana alilipanga kwenye kompyuta yake, ikasema mweusi anashinda, tukaicheza, ikazungukazunguka na malkia wake mpaka watoto wakaanza kuizomea. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Nikaeleza kwa nini haioni. Nilieleza vizuri, najua nilieleza vizuri.

"Una jingine?" akauliza kijana.

Ningeweza kuchagua lolote kati ya yale kumi na moja. Nikapanga la arobaini, kwa sababu nilitaka kuwapa bora kati ya yote.

Kijana akaliandika kwenye kompyuta, akasubiri. "Hii inasema sare."

"Haioni," nikasema. Watoto wakacheka, wakawa upande wangu.

"Sawa dada, haioni. Wewe unaona? Tuonyeshe."

Mikono ikaanza jasho. Nikasema sijalitatua bado, lakini mtunzi yupo, na ni mtu ambaye hakosei. Mwalimu mkuu akasema kwa upole, basi mpigie. Nikaweka sauti ya nje.

"Karani, shikamoo."

"Marahaba, binti. Umefika Musoma?"

"Nimefika, niko mbele ya wanafunzi. Wananiuliza la arobaini. Ushindi upo?"

Nilisikia mbuzi upande wake.

"Upo."

"Kwa ubao huu huu nilionao mimi, ulionipa?"

Mbuzi tena. "Upo. Waambie watafute."

Nikakata simu nikiwa na furaha. Kijana alikuwa ameshaifunga kompyuta yake. Alikuja ubaoni akiwa mikono mitupu, akaweka kidole juu ya askari mweusi aliye ukingoni, kushoto kabisa.

"Dada, mimi si mtaalamu. Ila naona fumbo lako linataka mweusi aishiwe cha kucheza, si ndiyo? Umbane mpaka asogeze kitu asichotaka. Lakini kila ukimbana, anasukuma huyu hapa. Ana hatua ya akiba. Akiisukuma, zamu inarudi kwako, na wewe ndiye unayevunjika." Akanichezea. Njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Mtoto mmoja wa mbele, bila ubaya wowote, akasema, "Kumbe ni yeye haoni." Wakacheka wote, kicheko kile kile cha mwanzo.

"Asante, dada," akasema mwalimu mkuu. "Tutakupigia."

Hawakupiga.

Nikiwa kwenye basi la kurudi Bunda nilimfikiria askari yule wa ukingoni. Aeleze amekuja kufanya nini. Akiwa mweusi, alikuja kuliharibu fumbo, hana kazi nyingine. Karani asingemwita shahidi wa namna hiyo. Lakini akiwa mweupe, hatua ile ya akiba ingekuwa ya mweupe, na mweusi ndiye angeishiwa. Tulipokaribia mjini nikamkumbuka kuku. Kizibo kilikuwa kimelala chali. Karani alikirudisha kifudifudi.

Kosa la mtu aliyeinama kuokota vizibo. Ningelisamehe, nadhani. Nasema nadhani. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu, kama alijua wakati ule mbuzi analia.

Jumamosi nilipanda gari hadi Nyamuswa na kuchukua bodaboda mpaka Butiama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, akigeuza makopa ya muhogo aliyoyaanika juu ya jabali. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona, na furaha ile iliniudhi.

"Umekuja bila taarifa. Ningekutafutia samaki."

"Leta ubao, Karani."

Aliuleta. Nikapanga la arobaini kama lilivyo kwenye daftari langu, askari wa ukingoni kifudifudi. Alitazama ubao, kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la mahakama, akalifungua ukurasa wake na kuliweka mapajani mwangu.

Pale ukingoni, doa jeusi la askari lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko ule wa hukumu, ameandika: *mweupe*. Wino ulikuwa umeshafifia ukawa wa rangi ya chai.

"Lini?" nikauliza.

"Wiki ile ile."

"Wiki ile ile ya kuku?"

"Siku tatu baadaye. Nililipitia, halikuenda."

"Miaka mitatu, Karani. Nimejaza madaftari. Umeniambia mashine haioni, na mashine ilikuwa inaona. Umeniambia mbele ya watoto."

"Mbele ya watoto ningesemaje?"

"Ungesema kizibo kimegeuka! Kitu gani kingine?"

Alichukua kopa moja, akalipangusa vumbi, akalirudisha mahali pake. "Ulikuwa na mwalimu wa hesabu," akasema. "Ulinisimulia umekaa barazani, unacheka. Kosa moja. Nikahesabu, nikaona na mimi ninalo langu."

"Yeye alilijua akaliacha."

"Nami nimelijua nikaliacha. Kila siku nilisema kesho. Kila siku ulikuja na kiti chako." Akageuza kopa jingine. "Ungerudi?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Mtu mwenye moyo mzuri angejibu ndiyo hata kama si kweli. Mimi nilikigeuza kizibo kikalala chali, na ubao mzima ukabadilika mbele yangu, kila kete ikawa na la kueleza. Lilikuwa fumbo zuri. Hata katika hasira niliona kwamba lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa nalo miaka yote hiyo ndani ya daftari lake na kuniachia mimi lile bovu.

Akanisogezea kalamu. "Ukilipata, nafasi ya jina ipo."

"Sijawahi kupewa hili, Karani."

"Basi nimekupa leo."

Nikafunga daftari, nikaweka kalamu juu yake, nikaaga. Hakunisindikiza. Nilipogeuka barabarani nilimwona amerudi kwenye muhogo wake, anapanga vipande vikubwa kushoto.

Nililitatua kwenye bodaboda, kabla hatujafika Nyamuswa, bila ubao wala simu. Mfalme mweupe anarudi nyuma mraba mmoja, anakimbia vita, hatua ya kijinga kabisa ambayo mtu yeyote angeitupa. Mweusi anacheza hatua zake mbili zilizobaki. Halafu askari wa ukingoni anasogea mraba mmoja tu, na mweusi hana tena cha kugusa kisichomwangukia. Nililipitia mara tatu, kama kufuli. Halina kosa. Sijaiuliza mashine.

Tangu siku ile Karani hunitumia ujumbe kila Jumapili, saa ambayo misa ya pili imeisha na yeye huenda hakuwepo. Ni neno moja: *Umelipata?*

Huwa naushika ujumbe ule muda mrefu. Najua anakaa wapi akiungoja, najua daftari liko upande gani wa kiti. Kisha namjibu, na mikono yangu siku hizi haitoi jasho.

*Bado.*